Lesi, kilemba, leso au kichwa wazi: uchague nini kwa ajili ya Misa?

Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Ntinda, Kampala. "Mama mdogo, nimeamua kuanza kufunika kichwa kanisani. Ninunue veli ya lesi kama zile ninazoziona mitandaoni, au nifunge kitambaa tu kama Bibi?" Tuliongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi tukaendelea. Yeye si wa kwanza kuniuliza. Nimefunika kichwa kwenye Misa miaka kumi na mmoja sasa, na katika miaka hiyo nimevaa lesi, kilemba cha kitenge, leso (yaani kanga) na skafu ya mivumba (mitumba). Kabla ya hapo nilisali kichwa wazi ujana wangu wote. Kwa hiyo hapa nalinganisha vitu ambavyo nimeishi navyo.

Kipimo changu nakitaja mapema ili ujue ninakoelekea. Kitambaa kizuri cha kanisani ni kile ambacho mkono wako haukigusi tangu ishara ya msalaba ya mwanzo hadi baraka ya mwisho. Nimewahi kuwa na mantila, yaani veli ya lesi, nzuri sana iliyonifanya nikose Injili nzima kwa sababu ilikuwa inateleza. Uzuri wake haukunisaidia kusali.

Kabla ya kununua: je, ni lazima?

Si lazima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1262, ilitaka wanaume wawe vichwa wazi wakati wa ibada, na wanawake wawe wamefunika kichwa na kuvaa kwa staha, hasa wanapoikaribia meza ya Bwana. Bibi zetu walilelewa chini ya sheria hiyo, wakafundishwa na wamisionari walioifuata: Mapadre Weupe upande wa Rubaga na Masaka, Mill Hill upande wa Nsambya na mashariki, Wakomboni kule kaskazini na West Nile. Tarehe 15 Oktoba 1976 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa tamko liitwalo Inter Insigniores. Lilihusu jambo jingine, swali la upadre kwa wanawake, lakini ndani yake likaeleza kwamba wajibu wa kufunika kichwa ulikuwa desturi ya zama zake na haufungi tena. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II akatoa Sheria mpya, ile ya 1917 ikafutwa, na hii mpya haisemi neno lolote juu ya kichwa cha mwanamke.

Anayefunika anafanya kwa hiari. Asiyefunika hana kosa. Nalirudia kwa sababu limewahi kuniuma. Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, nilimwona mama wa mapokezi akimsimamisha binti mlangoni kwa kuwa alikuwa kichwa wazi. Binti aligeuka akaenda zake. Jumapili iliyofuata nilimtafuta kwa macho sikumwona. Hakuna aliye na mamlaka ya kumfukuza mtu Misani kwa ajili ya kitambaa, na kama wewe ni mmoja wa akina mama wanaosimama mlangoni, nakusihi uliweke hilo moyoni.

Mbona basi tunafunika? Mtakatifu Paulo aliandika juu yake katika Barua ya Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11. Wengi wetu, lakini, tunavutwa na kitu tunachokiona altareni kila siku: kalisi, kile kikombe cha divai, hufunikwa kitambaa, siborio, chombo chenye Hostia takatifu, hufunikwa, tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, huwekewa pazia. Kitu kinachobeba uhai mtakatifu hakiachwi wazi ovyo. Mwanamke naye hubeba uhai. Mimi nilipoelezwa hivyo na sista mmoja mzee, nilitoka pale nimeshaamua.

Mantila ya lesi

Mantila asili yake ni Hispania, ikasambaa Amerika ya Kusini na Ufilipino. Haijawahi kuwa sare ya Wakatoliki wote duniani. Korea wanawake wengi hadi leo huvaa veli nyeupe fupi waitayo misabo. India mama huvuta ncha ya sari yake juu ya kichwa, basi. Hapa Uganda lesi kichwani wengi tumeizoea siku mbili, Komunyo ya Kwanza na harusi, ndiyo maana msichana akiivaa Jumapili ya kawaida atasikia, "Leo unaolewa?" Jiandae kwa swali hilo, na lijibu kwa tabasamu.

Faida yake kubwa ni kwamba haina kazi nyingine. Huendi nayo sokoni, hupiki nayo, humbebei mtoto. Unapoitoa kwenye kifuko chake ukaiweka kichwani, mwili unajua umefika mbele ya nani. Pia ni nyepesi, haileti joto, wala haizibi masikio. Katika kuabudu Ekaristi, saa nzima ya kimya umepiga magoti, mimi sijapata kinachoishinda.

Kasoro zake ni nyingi, na wauzaji hawazitaji. Lesi inateleza. Juu ya wigi laini au nywele za kushonea haikai hata dakika kumi bila pini. Ukivaa gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, yale mabega yaliyochongoka yanainasa mantila ndefu kila unapogeuza shingo, na siku ya sikukuu ndiyo wengi wetu huvaa gomesi. Mantila fupi inayoishia juu ya mabega inaondoa shida hiyo. Lesi nyeupe na vumbi letu jekundu hawapatani: ukienda kanisani kwa boda ukiwa umeivaa, unafika imebadilika rangi, kwa hiyo ibebe mkobani uivae mlangoni. Lesi nyingi za bei nafuu ni nailoni, ukiigusisha pasi ya mkaa inajikunja kama karatasi motoni. Fua kwa mkono, maji baridi, anika kivulini, usipige pasi kabisa.

Halafu kuna moto. Katika Mkesha wa Pasaka kanisa zima limeshika mishumaa gizani, watu wamebanana, watoto wameshika mishumaa yao kwa urefu wa kifua chako. Nailoni ikiguswa na mwali inayeyuka na kushika ngozi, jambo ambalo pamba haifanyi. Usiku huo vaa pamba. Hili silitoi kama ushauri wa hiari.

Kuhusu rangi, utasoma kwamba wasichana huvaa nyeupe na walioolewa au wajane huvaa nyeusi. Ni mazoea ya huko ilikotoka mantila, wala si sheria. Kwetu mantila nyeusi inaweza kusomeka kama msiba, na utaulizwa nani amefariki. Chukua rangi ya maziwa, au kahawia inayokaribiana na nywele zako kama hutaki kutazamwa. Wengine hufuata rangi za liturujia, zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe wakati wa Pasaka, na hiyo ni njia nzuri ya kufundisha watoto mwaka wa Kanisa.

Kilemba cha kitenge

Hapa ndipo nilipobishana na mpwa wangu. Alidhani kilemba ni kile unachovaa ukishindwa kupata veli "ya kweli." Hapana. Hata sheria ya zamani ilisema kichwa kifunikwe; haikutaja lesi. Na tarehe 31 Julai 1969 Papa Paulo VI, akiwa hapa hapa Kampala, aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Maneno hayo yametamkwa kwenye kilima chetu cha Rubaga. Mama anayepiga magoti na kilemba cha kitenge alichofungiwa kwa mkono wa mama yake amefunika kichwa kikamilifu kama yule mwenye lesi.

Kwa kipimo changu cha mkono, kilemba kinashinda vyote. Ukikifunga vizuri nyumbani hakisogei, hata ukiinama, hata ukicheza wakati wa kupeleka vipaji. Kwa wanakwaya ndicho ninachopendekeza bila kusita. Kwaya nzima ikishona sare na vilemba vya kitenge kimoja, kila mtu anashika kitabu kwa mikono miwili na kuimba. Mtoto mgongoni hawezi kukivuta. Akina mama wa Kongo walioko Kampala wamekuwa walimu wetu katika kukifunga, na ukimwomba jirani yako mmoja akuonyeshe, atakufundisha mitindo mitatu kabla chai haijapoa.

Tatizo ni urefu. Kilemba kilichosimama kama mnara kinamzuia aliye nyuma yako kuona altare, hasa wakati wa kuinua Hostia. Kifunge bapa, kifuate umbo la kichwa, na mapambo makubwa yaache kwa sherehe ya baada ya Misa. Jingine ni kwamba unatoka nacho nyumbani na kurudi nacho, kwa hiyo ile hisia ya kuvaa kwa ajili ya Mungu pekee hupungua. Wengine, mimi nikiwemo, hutenga kitenge kimoja kisichovaliwa popote pengine.

Leso

Bibi yangu wa Arua hakumiliki veli maisha yake yote. Alikuwa na leso. Aliongea Kilugbara nyumbani na Kiswahili sokoni, na kanisani alivuta leso kutoka mabegani hadi kichwani kengele ilipolia, kisha akairudisha mabegani baada ya baraka. Hakuna pini, hakuna kioo. Nikifumba macho nauona mkono ule.

Leso ni kitambaa cha pamba, kipana, kinafulika kwa sabuni yoyote, kinapigwa pasi, kinadumu miaka. Kwa anayekwenda kuhiji Namugongo hakina mpinzani. Tarehe 3 Juni, ukumbusho wa Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto mahali pale mwaka 1886, umati unakaa juani saa nyingi, na wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi kutoka majimbo ya mbali. Mahujaji hawa hujifunika leso jua likiwaka, huitandika usiku, hujifuta jasho nayo, humbeba mtoto kwayo, na Misa ikianza inapanda kichwani. Nimewahi kwenda Namugongo na mantila na kurudi na kitambaa kilichokunjamana. Sikurudia.

Soma maandishi yake lakini. Leso ina jina, na jina linasema. Lile linalomtaja Mungu, kama "Mungu hamtupi mja wake," linakwenda na Misa. Lakini zipo leso zilizoandikwa vijembe vya wake wenza na majirani, na katika Uganda, ambapo wengi hununua kwa rangi bila kujua vizuri Kiswahili, nimeshaona mama mtakatifu kabisa akipokea Komunyo na tusi la jirani kisogoni pake. Kama hujui maana ya jina, muulize msemaji wa Kiswahili kabla hujalipa. Leso huuzwa jozi. Moja iwe ya kanisani, nyingine ya nyumbani.

Kasoro yake ni kwamba ikikaa tu kichwani bila kufungwa inateremka, kwa hiyo utaigusa. Bibi aliiweza kwa sababu alitumia miaka sitini kujifunza kukaa wima. Sisi tunaweza kuipitisha ncha moja begani na kuibana kwa pini ndani.

Skafu ya kawaida

Ndiyo rahisi kuliko vyote. Nenda Owino, soko la hapa Kampala linaloitwa rasmi Soko la Mtakatifu Balikuddembe kwa jina la Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Inanifurahisha kwamba wanawake hununua vitambaa vya Misa kwenye soko lenye jina lake. Upande wa mivumba utapata skafu za pamba kwa bei ndogo kuliko zote nilizotaja hapa. Iguse kabla ya kununua: satini na hariri ya bandia zinateleza, pamba na sufu nyepesi zinashika.

Ukiifunga chini ya kidevu na kuzungusha shingo, watu watakuuliza kama umesilimu. Waislamu ni ndugu na majirani zetu, wengi wetu tuna damu nao nyumba moja, kwa hiyo swali lenyewe si tusi na usilijibu kana kwamba ni tusi. Ila kama hutaki kuulizwa kila Jumapili, ifungie nyuma ya shingo, chini ya kisogo. Inakaa vizuri zaidi pia. Vivyo hivyo, epuka kitambaa cheupe au cha buluu kilichonyooshwa kwa utepe mgumu kwenye paji la uso. Hicho kinafanana na cha masista, na kwao veli ni alama ya nadhiri walizoweka, jambo ambalo sisi walei hatujaliahidi.

Kichwa wazi

Nalihesabu kama chaguo kamili. Wapo wanawake wanaosali vizuri kuliko mimi na hawajafunika kichwa tangu Komunyo ya Kwanza. Kuna aliyewahi kulazimishwa akiwa mtoto, na kitambaa kinamkumbusha kiboko. Kuna mwenye maradhi ya ngozi ya kichwa. Kuna anayejua moyoni kwamba akivaa lesi atakuwa anajiangalia yeye na kuwapima wengine, na huyo ameona mbali: veli inayokufanya umhesabie mwenzako nywele zake imekwenda kinyume na kazi yake. Ikiwa hujashawishika, subiri. Wala usimlazimishe binti yako. Mwache akuone, akiomba mpe.

Kinacholinganishwa zaidi: nywele zako

Watu huanza na uzuri wa kitambaa. Anza na kichwa chako. Shule zetu nyingi zinataka wasichana wanyoe, na juu ya nywele fupi namna hiyo pini haina pa kushika, kwa hiyo mantila ya pini ni pesa iliyopotea. Mpe binti wa sekondari skafu ya kufunga nyuma au mantila iliyoshonewa utepe wa kufungia. Mwenye misuko au nywele zake za asili ana bahati, kwa sababu hata lesi hushika yenyewe, na pini mbili ndogo zinatosha. Mwenye wigi asishone wala asibane kwa nguvu. Achukue lesi iliyoshonwa duara inayovaliwa kama kola na kuvutwa juu, au afunge kilemba juu ya wigi. Mwenye kipara cha uzee au cha dawa za hospitali avae pamba laini, maana lesi inachoma ngozi isiyo na nywele. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa kwenye matibabu alilia kwa furaha tulipomshonea ya pamba yenye utepe, kwa sababu kanisani ndipo mahali pekee ambapo kichwa chake kilichofunikwa hakikumshangaza mtu.

Kushona mwenyewe, au kumpa fundi wa cherehani, ni jambo ninalolipendekeza kuliko kuagiza nje. Nunua kipande cha lesi ya pamba Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, mwambie fundi akate nusu duara, azungushie pindo, na pale katikati ya paji ashone kitanzi kidogo ndani cha kupitishia pini. Kitanzi hicho ndicho kinachokosekana kwenye nyingi zinazouzwa.

Nilivyomwambia mpwa wangu

Yeye ana misuko, hana mtoto, anasali Misa ya jioni ya katikati ya wiki akitoka kazini kwa boda, na siku ya Alhamisi hukaa saa nzima ya kuabudu. Nilimwambia achukue mantila fupi ya lesi ya pamba, rangi ya maziwa, ikae kwenye kifuko mkobani. Angekuwa mwanakwaya ningesema kilemba, na angekuwa na mtoto wa miezi minane ningesema kilemba pia. Angekuwa mwanafunzi ningesema skafu. Kwa Namugongo mwezi wa Juni nimemwahidi leso moja ya Bibi, ile yenye jina la Mungu.

Kisha nikamwambia asivae kanisani kwanza. Avae chumbani usiku, asali Rozari nzima, asimame, apige magoti, ainame kama anapokea Komunyo, aketi tena, na baada ya hapo ahesabu mkono wake ulipanda kichwani mara ngapi. Jumanne alinitumia ujumbe: mara tisa. Tukaongeza pini ya pili. Jumatano ya Majivu, padre alipompaka majivu kwenye paji, mpwa wangu aliisogeza lesi nyuma kidogo kwa kidole kimoja, na hiyo, anasema, ilikuwa mara pekee.